Kamba Tatu Upande wa Mawio

Siku ya kwanza ya muhula mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniuliza kama chumba changu cha pili kilikuwa na kitu. Nikamwambia kina gunia la maharagwe na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele.

"Vitoe," akasema. "Unapata mgeni. Anatoka Japani. Atafundisha hesabu."

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana upande wa Nyacheki, katikati ya miaka ya tisini. Kati ya walimu waliokaa katika nyumba za shule, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina mume wala mtoto, kwa hiyo kila mgeni wa shule, awe mkaguzi au mhubiri, alikuwa mgeni wangu. Lakini hao walilala siku mbili wakaenda zao. Huyu angekaa miaka miwili.

Alifika na mkoba mgongoni na sanduku moja, msichana mwembamba wa rika langu, amevaa viatu vyeupe vya mpira ambavyo udongo wetu mwekundu ulivimaliza kabla hajafika mlangoni. Alikuwa amefundishwa Kiswahili kwa miezi mitatu na alikishika barabara, tena kuliko wengi wetu. "Shikamoo," alimwambia mwalimu mkuu. "Shikamoo," alimwambia mpishi wa shule. Sasa, kwetu Gusii watu hawaamkiani hivyo. Kiswahili tunakipata shuleni na tunakiacha getini; nyumbani ni Ekegusii tu. Mpishi alifikiri kidogo, akajibu, "Na wewe pia." Baadaye alinivuta kando akaniuliza kama yule Mchina alikuwa amemtukana.

Tuliishi vizuri. Alijifunza kusonga ugali wa wimbi na akaupenda, akajifunza kula chinsaga, mboga yetu ya mgagani, na kusema haina uchungu huku machozi yakimlengalenga. Mimi nilijifunza kuvua viatu mlangoni, jambo ambalo kwa matope yetu nilishangaa kwa nini hatukulianza siku nyingi.

Mvua ya kwetu ina saa zake. Asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa inamwagika. Alasiri moja ya Jumamosi ilimwagika tukiwa ndani wote wawili. Mimi nilikuwa nimeinjika maharagwe, yeye alikuwa ameketi karibu na dirisha na kijitabu alichotumiwa kwa posta na mdogo wake wa kiume. Kilikuwa cha karatasi nyepesi kama ya gazeti, kinafunguliwa kutoka nyuma, na kila ukurasa umejaa miraba.

"Ni nini hicho?" nikamuuliza.

"Mchezo. Kwetu watu wanaucheza kwenye treni."

"Ni hesabu?"

"Hapana. Hakuna kujumlisha. Hakuna kutoa. Ni kutafuta tu kila namba inakaa wapi."

"Mimi na hesabu tuliachana zamani," nikamwambia, "na hakuna aliyelia."

Alicheka, akanichorea mmoja mdogo nyuma ya bahasha: miraba minne kwa minne, na namba chache zimeandikwa ndani. Akanieleza kwamba kila mstari wa kulala na kila mstari wa kusimama lazima uwe na moja, mbili, tatu na nne, na hakuna namba inayorudi katika mstari wake. Basi. Niliujaza nikaona ni mchezo wa watoto. Akanichorea wa sita kwa sita. Huo ulinikalisha. Nilipomaliza nilipiga meza kwa kiganja, na hapo ndipo tulisikia harufu. Maharagwe yalikuwa yameshika chini ya sufuria, meusi kama makaa. Tulikula mkate na parachichi siku hiyo, na katikati ya kula nikamwambia anichoree mwingine.

Kulikuwa na aina ya pili niliyoipenda zaidi. Katika hiyo, namba zinakaa pembeni, juu na kushoto, na zinakuambia ni miraba mingapi mfululizo ya kutia weusi katika kila mstari. Ukikosea mmoja, kila kitu kinavurugika. Ukifuata vizuri, mwishoni picha inajitokeza. Wa kwanza niliomaliza ulitoa samaki. Nilimtazama yule samaki kama niliyemvua mwenyewe.

Shuleni mambo hayakuwa matamu namna hiyo. Kidato cha pili kilikuwa kinaogopa hesabu kama ugonjwa. Kulikuwa na msichana mmoja mrefu aliyekaa nyuma kabisa, vidole vyake vimepakaa weusi wa majani chai kwa sababu kila asubuhi alichuma kabla ya kuja shule. Kwenye somo langu alikuwa mtu wa kusimulia na kuchekesha wenzake. Ikifika zamu ya hesabu alinyoosha mkono mara moja tu, kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na hakurudi mpaka kengele ilie.

Mwenzangu aliamua kuwapa ile miraba. Aliichora ubaoni, akaeleza kwa Kiswahili chake kisafi, akawaachia. Walinakili vizuri sana. Walipiga mistari kwa rula, wakaandika tarehe juu, wakaweka kalamu chini, wakasubiri jibu.

Nilimkuta jioni ameketi kwenye ngazi ya mlango, mikono magotini.

"Wanasubiri niwaambie," akasema. "Kila siku wanasubiri niwaambie. Labda mimi ni mwalimu mbaya."

Nilikaa karibu naye. Mbele yetu mashamba yalishuka mpaka mtoni, chai, migomba, chai tena, kila familia na kipande chake chembamba kama mkanda. Nilikulia kwenye mteremko kama huo. Nikamweleza jinsi mimi na ndugu zangu tulivyokuwa tukificha maparachichi mabichi ili yaive, kila mtu na shimo lake, na jinsi tulivyotumia likizo nzima kuwindiana maficho. Dada yangu angeweza kujua nimeficha wapi kwa kuangalia tu nyasi zililala upande gani. Na dada yangu huyo shuleni aliambiwa kichwa chake ni kizito.

"Hawa wasichana wamezaliwa nje," nikamwambia. "Ukiwafungia ndani wanasinzia. Ficha kitu huko. Halafu miraba ndiyo iwaambie kiko wapi."

Alisimama, akaingia ndani, akatoka na daftari lake la miraba na penseli mbili. Moja akanipa mimi.

Tulifanya kazi hiyo majuma matatu. Mpango ulikuwa rahisi. Wasichana wangetoka uwanjani na fumbo la kwanza. Wakilijaza sawasawa, miraba miwili iliyotiwa kivuli ingewapa namba mbili: ya kwanza waende umbali gani upande wa mawio, ya pili wapande au washuke umbali gani. Hapo wangekuta bahasha chini ya jiwe, na ndani yake fumbo la pili. Hivyo hivyo mpaka la mwisho, ambalo lingekuwa picha, na picha ingewaonyesha hazina ilipo.

Mara ya kwanza tulipima kwa hatua. Hatua zake arobaini zilimfikisha kwenye mparachichi nyuma ya uzio wa shule. Zangu arobaini zilinifikisha mtaroni. Tulisimama pale tukatazamana miguu. Basi nikaenda soko la Nyamarambe nikanunua kamba za katani kwa wamama wanaosokota, tukazikata sita zenye urefu mmoja, mita ishirini kila moja, na tukakubaliana kwamba namba zote zitakuwa za kamba. Kamba tatu upande wa mawio, kamba mbili kushuka. Kamba haijali mguu wa mtu.

Karatasi za miraba tulizifuata Kisii mjini, katika duka la vitabu la familia ya Kihindi iliyokuwa pale tangu enzi za babu yao. Mama wa duka alizungumza nami Ekegusii, tena cha ndani kabisa, kile cha wazee. Alitaka kujua walimu wawili wanafanyia nini karatasi zote hizo. Mwenzangu akamwonyesha fumbo moja. Mama akamwita mumewe, mumewe akavaa miwani, na tangu hapo hatukuhudumiwa. Wateja walipanga foleni nyuma yetu na mwenye duka anauma penseli. Alipomaliza alitupa mkebe mtupu wa biskuti, mkubwa, wenye maua kwenye kifuniko, tuweke hazina, akauongezea peremende mpaka nusu. "Na mkitengeneza mengine," akasema, "leteni moja huku."

Tulirudi tukiwa na furaha, tukaenda kuweka alama. Ili tusisahau mahali pa kila kitu, tulichonga vijiti tukavifunga uzi mwekundu kichwani, tukavipigilia kando ya njia, kwenye chemchemi, na katika shamba la mama mmoja mjane lililopakana na shule. Tuliona ni jambo dogo. Hatukumwuliza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisini nikichukua chaki yule mama alipoingia bila kubisha. Alikuwa mtu mzima wa kama miaka sitini, ameshika kikapu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mwalimu mkuu akakipindua. Vigingi vyetu vyote vikamwagika juu ya vitabu, na uzi wake mwekundu.

"Nani aliwatuma?" akauliza kwa Ekegusii. Sauti yake haikuwa kubwa, ila mikono yake ilikuwa bado imekibana kile kikapu kitupu. "Nataka jina la aliyewatuma."

Hapo ndipo habari yote ilipotoka. Mume wake alikuwa amefariki, na tangu siku hiyo shemeji yake alikuwa akitamani kile kipande cha chini, kinachogusa mto. Aliwahi kumwambia waziwazi kwamba ipo siku ataleta watu wa kupima. Basi Jumapili jioni mama anatoka kukata majani ya ng'ombe, anakuta vigingi katikati ya shamba lake, na majirani wanamwambia kwamba aliyevipigilia ni mgeni kutoka ng'ambo mwenye daftari na kamba. Angefikiri nini? Hakulala. Alfajiri aling'oa kila kigingi alichokiona, hadi vile vya chemchemini.

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, hajui neno hata moja la Ekegusii, lakini aliona vigingi akaona na mikono ya yule mama. Nilipomtafsiria, rangi ilimtoka.

Mwalimu mkuu alingoja mama aondoke. Kisha akafuta meza kwa kiganja, taratibu. "Huo mchezo umekwisha," akasema. "Mimi naishi na watu hawa. Ninyi mtahamishwa, mimi nitabaki."

Siku ile mwenzangu hakula. Alitaka kwenda kwa yule mama peke yake, na mimi nikamwambia atafika aseme nini, shikamoo? Tukaenda wote, saa kumi, mvua ikiwa imepusa, na sukari kilo mbili na mkate, kama mtu anavyokwenda kwa watu. Tulimkuta akimenya ndizi. Mwenzangu hakukaa. Alisimama uani, mikono imenyooka ubavuni, akainama. Akabaki ameinama hivyo hivyo. Kuku walimzunguka.

"Anatafuta nini chini?" mama akaniuliza.

"Anaomba msamaha. Kwao huomba hivyo."

"Mwambie ainuke, mgongo utamuuma. Na akae, chai iko."

Tulipokunywa chai ndipo alipouliza lile swali ambalo lilikuwa limemkereketa. "Sasa, mlikuwa mnatafuta nini kwenye shamba langu?"

"Hazina," nikasema. Nikaona jinsi lilivyosikika, nikaona aibu.

"Hazina! Mimi nimelilima shamba hili miaka thelathini, kila tundu nalijua. Nimekuta mawe na fuko. Hazina iko upande gani, na mimi nichimbe?"

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kicheko chake kilimfungua mwenzangu, akatoa daftari akaanza kumweleza, mimi nikitafsiri. Mama alikuwa amesoma hadi darasa la tatu, namba alizijua. Ile miraba ya kujaza hakuijali. Lakini ile ya picha aliishika, akasogea mlangoni penye mwanga, na kwa penseli ya mwenzangu akatia weusi polepole, akihesabu kwa midomo. Alikosea, akafuta kwa kidole kilichonata utomvu wa ndizi, akarudia. Ilipotokea sufuria yenye mikono miwili alitazama karatasi, akatutazama sisi.

"Wasichana wangefanya hivi kwa ajili ya kutafuta kitu?"

"Ndiyo, magokoro," nikamjibu, yaani nyanya.

"Hakuna vigingi?"

"Hakuna."

"Wataingia kwa lango, si kwa kuruka ua. Watanisalimia kwanza. Atakayekanyaga chai yangu namtandika. Na kitu chenyewe nakificha mimi, kwa mkono wangu. Ninyi hamjui kuficha. Mnaacha nyuzi nyekundu kila mahali."

Kesho yake alipanda mwenyewe hadi ofisini kumwambia mwalimu mkuu kwamba watoto waachwe waje. Sijui walizungumza nini. Mwalimu mkuu aliniita baadaye akaniambia tu, "Jumapili. Baada ya misa. Na mimi sijui lolote."

Mama alimwambia mwenzangu siri ya mahali pa hazina, kwa ishara na kwa kumwonyesha, na mwenzangu akachora fumbo la mwisho kwa usiri huohuo. Hata mimi sikuambiwa. Niliudhika kwa siku mbili.

Jumapili ilifika. Waadventista walikuwa wamekwisha abudu Jumamosi, Wakatoliki wakatoka misa, na saa sita wasichana thelathini wa kidato cha pili walisimama uwanjani katika vikundi sita, kila kikundi na kamba yake, penseli yake, na karatasi ya kwanza iliyotoka kwenye mashine yetu ya stensili ikiwa bado inanuka wino. Mwenzangu alipuliza filimbi.

Kwa dakika tano hakuna aliyesogea. Walikuwa wamejiinamia kwenye nyasi, vichwa pamoja, wakibishana. Nilisikia neno ambalo sikuwahi kulisikia kwenye darasa la hesabu: "Ngoja, usimwambie mwalimu, tutapata wenyewe." Kisha kikundi kimoja kikapiga kelele kikainuka na kamba, na vingine vikafuata kama siafu.

Kikundi kimoja kiliandika tatu mara mbili katika mstari mmoja, na hawakugundua. Kamba ikawapeleka kwenye josho la ng'ombe. Mzee mwenye ng'ombe aliwauliza wamepotelewa na nini, wakamwambia hazina, naye akawaambia hazina ya hapa ni kupe. Walirudi mbio wakifuta na kuandika upya wakiwa njiani.

Yule msichana mrefu nilimtazama kwa jicho la pembeni. Kwa fumbo la kwanza alishika kamba tu. Kwa la pili, pale chemchemini, aliwaambia wenzake, "Hapa haiwezi kuwa mbili, mbili iko juu yake." Mwenzake mmoja aliyezoea kuongoza darasa akabisha. Wakabishana. Akachukua penseli.

Fumbo la mwisho, lile la picha, tuliliacha kwenye kituo cha kununulia majani chai, kwa karani. Vikundi vyote vilikuwa vimefika hapo, au viko karibu, mbingu ilipofunguka. Mvua ya saa tisa ilikuja saa nane. Kituo kilikuwa paa la mabati na sakafu ya saruji, na chini yake wakajibanza wasichana thelathini, walimu wawili, wamama wa majani na vikapu vyao vilivyojaa, na karani aliyekuwa akisubiri lori. Karatasi zilikuwa zimelowa. Penseli ikigusa, karatasi inachanika. Ya kikundi kimoja ilikuwa imegeuka uji. Msichana mmoja akaanza kulia kwamba walikuwa wa kwanza na sasa hawatajulikana.

Mwenzangu alinishika mkono. "Imeharibika," akasema.

Yule msichana mrefu alikuwa amekwenda kwa karani. "Nisaidie chaki," akamwambia. Karani alikuwa nayo ya kuandikia magunia. Akapiga magoti kwenye saruji, akachora mraba mkubwa, akaugawanya kumi kwa kumi.

"Nani ana namba za juu?" akauliza.

Kila kikundi kikafumbata vipande vyake. Walikuwa wanashindana, ati.

"Hakuna mtu mwenye karatasi nzima," akasema. "Tukikaa hivi hivi hakuna atakayepata. Nani ana namba za juu?"

Kipande kikatoka huku, kipande kule. Wa juu wakasoma, wa kushoto wakasoma, palipochanika wakakumbushana. Yeye akatia weusi kwa kusugua chaki, weusi ambao kwa kweli ulikuwa weupe. Wamama wa majani walishusha vikapu wakaja kuchungulia. Kila mmoja akawa na neno.

"Ni chungu."

"Chungu gani kina mdomo uliochongoka?"

"Ni ndege ya jeshi," karani akasema, akazomewa.

Msichana alimaliza mraba wa mwisho akarudi nyuma kidogo. "Ni kuku," akasema. "Hana miguu. Amekaa." Akafikiri. "Ni kuku anayeatamia."

Mama mmoja mwenye kikapu akapiga makofi. "Si yule wa mjane? Juzi nilitaka kumnunua akanikatalia, akasema yuko kwenye mayai."

Mvua ilikuwa bado inanyesha lakini hakuna aliyeingoja. Walitoka wote kwa mpigo, na sisi nyuma yao tukiteleza. Wawili waliruka ua. Mama mjane aliwarudisha mpaka langoni, wakaingia upya kama watu. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti akimenya ndizi, uso mkavu kabisa.

"Karibuni. Mmepotea?"

"Bwakire, magokoro!" wakasalimia wote thelathini.

"Mbuya. Mnatafuta nini?"

"Kuku!"

"Kuku ni wengi."

Msichana mrefu alikuwa tayari amemwona, kwenye kona ya jiko, juu ya kikapu kikuukuu. Aliingiza mkono chini yake akadonolewa, akapiga yowe, akaingiza tena. Chini ya kikapu, chini ya nyasi, ukatoka mkebe wenye maua. Kelele zilizopigwa pale nadhani zilisikika mpaka soko la Masimba.

Ndani kulikuwa na kalamu, vifutio, bikari mbili na peremende, ingawa peremende zilikuwa chache kuliko tulizoweka, na badala yake kulikuwa na mayai ya kuchemsha. Nilimtazama mama. "Nilionja moja," akasema, "nikaona ni tamu." Mayai yaligawanywa kwa kisu cha ndizi, nusu nusu.

Katikati ya furaha hiyo ndipo shemeji yake alipotokea langoni chini ya mwavuli. Aliona sare za shule, walimu, kamba sita zimezungushwa mabegani, na mgeni wa ng'ambo mwenye daftari.

"Hawa ni nani?" akauliza.

Mama hakusimama. "Wapimaji wangu," akasema. "Hata mimi naweza kuleta."

Shemeji alinigeukia. "Ni kweli, mwalimu?"

"Wamepima tangu saa sita," nikamjibu. Sikusema uongo.

Alituangalia kidogo, akasema mvua ni nyingi, akaondoka. Mpaka ule ulibaki pale alipouacha marehemu. Sisemi ni kwa sababu yetu. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha sema hivyo mara mbili. Ila safari hii alisikia.

Jumatatu mwenzangu aliingia darasani, akachora ubaoni mstari wa kulala na mstari wa kusimama, akauliza, "Jana mlitoka wapi?" Wakamwambia uwanjani. Akaweka nukta. "Mkaenda wapi?" Kamba tatu upande wa mawio, kamba mbili kushuka. Akaweka nyingine. Kisha akawaambia kwamba hiyo ndiyo grafu, na kwamba jana waliitembea kwa miguu. Msichana mrefu hakuomba ruhusa ya kutoka. Hakuwa wa kwanza muhula huo, wala muhula uliofuata, lakini mtihani wa hesabu wa kidato cha nne aliupita, na mimi, ingawa nilikuwa nimekwisha hamishwa, nilikuwa pale alipokuja kuchukua matokeo, akacheka peke yake huku anayasoma mara tatu.

Tuliwinda kila muhula mpaka mwenzangu alipomaliza miaka yake miwili. Siku ya kuondoka mwalimu mkuu alimwamkia "shikamoo" mbele ya shule nzima, na mwenzangu akaitikia, "Marahaba." Mwaka uliofuata nikahamishwa, kama nilivyoambiwa nitahamishwa, nikapelekwa shule moja ya Nyamira. Kamba zangu nilizibeba.

Huko nilijaribu peke yangu, na bila yeye nilikuwa fundi nusu. Siku ya kwanza kikundi kimoja kilipotea saa nzima, kikarudi kimejaa matope mpaka kiunoni, na bila hazina. Nilikuwa bado nawauliza walikuwa wapi alipoingia uwanjani mwanamume mmoja mrefu, suruali imekunjwa, mkono mmoja ameshika shina la nduma lililong'olewa na mkono wa pili karatasi iliyolowa. Nikajua nimekwisha.

"Wewe ndiye mwalimu wa miraba?"

"Ni mimi. Pole sana kwa nduma zako."

"Nduma zitaota." Akanikunjulia karatasi. Alikuwa ameijaza, kwa penseli, vizuri. "Wasichana hawakukosea, mwalimu. Ni wewe. Tazama hapa. Umetoa nne mbili kwenye mstari mmoja, haiwezekani. Ingekuwa sita, wangepita juu ya shamba langu wakaenda zao."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Wasichana walikuwa wananiangalia, na sikuwa na pa kujificha, kwa hiyo nikacheka, naye akacheka. Aliuliza kama nina mengine ambayo bado hayajakaguliwa. Nikasema yapo. Lile shina la nduma aliniachia, nikalipika jioni hiyo, na mwezi wa nane mwaka uliofuata wazazi wake wakaja kwetu kuposa.